Barua kwa serikali mbili, kutoka kwa mama mmoja wa Nyalenda

Kwa wakuu wa kaunti zetu za ziwani na magharibi. Kwa wakuu wa polisi mnaotumwa kwetu kutoka Nairobi. Na kwa wawakilishi wadi mnaopitisha bajeti.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda B, Kisumu. Tangu mwaka 2023, tulipopewa mikoba na simu, posho yetu iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali ya taifa. Sililii posho leo, hiyo ina barua yake. Nimeitaja ili mjue kwamba ninawaandikia nikiwa mtumishi wenu nyote wawili, na kwamba maana ya kitu kimoja kugawanywa kati ya wakubwa wawili ninaijua kwa mfuko wangu mwenyewe.

Nina nyumba mia moja hivi za kuzungukia. Ninapima presha, ninapima watoto mkono kwa utepe, ninauliza nani ana kikohozi kilichopita wiki mbili. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa. Ile isiyoandikwa huja usiku, kwa kubisha mlango wa mabati. Wanawake hawaji kwangu kwa sababu mimi ni hodari. Wanakuja kwa sababu niko karibu, na kwa sababu ninaijua njia ya kituo cha polisi na njia ya hospitali. Barua hii inahusu njia hizo mbili tu, na yale yanayompata mwanamke aliyebakwa au kupigwa akiwa katikati yake.

Sitataja jina la mtu, la kituo wala la hospitali. Waliokuwa zamu usiku ninaotaka kuusimulia nao wana wakubwa wao, na ninaowaandikia ni hao wakubwa.

Ilikuwa Ijumaa. Binti muuza nyanya soko la Kibuye alichelewa kufunga, akapanda boda ya kijana anayemfahamu kwa sura, yule yule aliyezoea kumbeba. Hawakufika nyumbani. Alibisha kwangu saa tano usiku akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Sasa tuhesabu pamoja. PEP, ile dawa ya kuzuia virusi vya HIV baada ya jambo kama hilo, lazima ianze kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ya kuzuia mimba ina saa 120. Kwa kaunti kama yetu, saa hizo hazichezewi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 17.5 ya watu wazima Kisumu, na asilimia 19.6 Homa Bay, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Saa ya kwanza ya binti yule ilikuwa imeshapita akiwa bado anautafuta mlango wangu gizani.

Nilimkataza kuoga. Kati ya yote ninayowaambia wanawake, hilo ndilo gumu kuliko yote. Mtu anataka kujisugua mpaka ngozi itoke, nami ninamwambia mwanangu, kaa hivyo hivyo. Nguo zake tulizitia katika mfuko wa karatasi ya khaki, kwa sababu plastiki hufuga unyevu na unyevu huharibu ushahidi. (Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilinifaa hapo bila kukusudia. Siku hizi khaki haikosekani dukani.)

Najua mtaniuliza kwa nini hatukuanza hospitali. Sheria haimlazimu mtu aripoti kwanza ndipo atibiwe, nami ndivyo ninavyowafundisha watu mchana. Lakini niliwahi kwenda hospitali na mwingine kabla yake, tukarudishwa getini tukatafute nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tukaenda kituoni.

Askari wa zamu alikuwa kijana, mpole hata. Aliandika katika kitabu cha matukio na kutupatia nambari kwenye kipande cha gazeti. Nikaomba P3, ile fomu ya polisi ambayo tabibu huijaza ili iwe ushahidi mahakamani. Akasema fomu ziko kwenye dawati la jinsia, na dawati limefungwa. Afisa wake hukaa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikaomba gari litupeleke hospitali. Gari lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu limeegeshwa chini ya mti. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Kisha, mbele ya wanaume wawili waliokuja kwa habari za simu iliyoibwa, akamuuliza binti alikuwa amevaa nini. Nikamwambia, mwanangu, nguo zenyewe ziko ndani ya mfuko huu, wewe andika tu.

Hospitali tulifika saa nane usiku, kwa boda. Ndiyo, kwa boda. Hakukuwa na kingine. Binti alishika mgongo wangu na mimi nikashika wa mwendeshaji, na njia nzima nilimsikia akitetemeka nyuma yangu.

Nesi alitupokea vizuri. Akaeleza kwamba PEP ipo, lakini kabati limefungwa na ufunguo uko kwa mtu wa mchana. Anayechukua vipimo na kujaza fomu naye ni wa Jumatatu. Tulilala kwenye benchi. Dawa tuliipata Jumamosi alasiri, na ya mimba nikainunua mwenyewe kwenye duka la dawa kabla hapo, maana sikutaka kusubiri ufunguo mwingine. Vipimo havikuchukuliwa.

Jumapili ni soko kubwa la Kibuye. Kreti tatu za nyanya alizokopa zilikuwa zinalainika nyumbani kwake, na mwenye nyanya hangoji kesi iishe. Binti alioga, akajifunga leso, akaenda sokoni. Mkimuuliza kwa nini alioga, niulizeni mimi kwanza ni nani anayeweza kukaa siku tatu hivyo, kati ya watu, akipima nyanya.

Jumatatu tukapata P3. Keshia wa hospitali akatudai shilingi 1,000 ya kuijaza. Nikamwambia matibabu ya manusura ni bure. Akanijibu, wala si kwa ubaya, kwamba matibabu ni bure lakini kujaza fomu si matibabu. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Linaonyesha mtu anayeijua sheria kiasi cha kutosha kupita pembeni mwake.

Kesi ilifika mahakamani, na hilo peke yake ni bahati. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Aliyejaza fomu alikuwa amehamishiwa kwingine na hakuna aliyejua nauli yake italipwa na nani. Binti kila tarehe alifunga kibanda na kupoteza mauzo ya siku. Mwishowe hakimu aliamua kwa ushahidi aliokuwa nao, na ushahidi wenyewe mmeusikia. Kijana yuko stejini hadi leo. Binti alihamia kwa dada yake, sitasema wapi.

Nilipoanza kuuliza huku na huku, nilipewa majibu yaliyonyooka. Polisi waliniambia mafuta na maafisa hupangwa Nairobi, na kabati la dawa ni mambo ya kaunti. Wa kaunti wakaniambia hospitali ni yetu, lakini P3 ni fomu ya polisi, na polisi hatuwaamuru. Wote walisema kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililogawa hivyo: polisi kwa serikali ya taifa, hospitali zetu kwa kaunti. Mimi sina ugomvi na ugatuzi. Nimekaa Kisumu kabla yake na baada yake, na najua umetuletea nini. Ila mwanamke anayebakwa usiku anazihitaji serikali zote mbili kabla hakujapambazuka, na nyinyi mmepanga kukutana mchana, siku za kazi.

Msinijibu kwamba mnatayarisha sheria mpya. Sheria ya Makosa ya Ngono ni ya mwaka 2006. Kanuni zake za 2012 zinasema manusura atibiwe bila malipo katika hospitali ya umma. P3 ni fomu ya bure. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inamtaka polisi amsaidie mlalamishi na kumweleza mahali anapoweza kupata matibabu na hifadhi. Tuna sheria za kutosha kujaza mkoba wangu, na mkoba wangu si mdogo.

Kuna kifungu kimoja hata hivyo ambacho ningependa kibandikwe ukutani kwa kila chifu. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006 kilimpa Mwanasheria Mkuu uamuzi wa kusitisha kesi ya ngono, na tangu Katiba mpya mashtaka yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si mzee wa mtaa. Si mjumbe wa nyumba kumi. Si baba ya msichana aliyeahidiwa ng'ombe, wala mama yake mkwe. Jaduong', wazee wangu, ninawaheshimu, nimewaamkia kwa mikono miwili tangu niolewe hapa. Mnaamua mipaka ya mashamba vizuri kuliko mahakama. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hana mpaka wa kusuluhishwa. Aliyemnajisi mtoto wa umri huo sheria inampa miaka isiyopungua 20, na nyinyi mmewahi kumpa faini ya mbuzi wawili na soda za kikao. Nilikuwepo. Nilizinywa hizo soda, na mpaka leo ninaona haya.

Wa Busia nao mnawakumbuka. Mwaka 2013 msichana wa miaka 16 alishambuliwa na kundi la wanaume akitoka matangani, akatupwa katika shimo la choo. Washukiwa walipokamatwa, adhabu yao kituoni ilikuwa kufyeka nyasi, kisha wakaachiliwa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja duniani watie sahihi na wanawake waandamane Nairobi ndipo faili ifunguliwe upya. Mwaka 2015 watatu walifungwa miaka 15 kila mmoja. Watu hupenda kulisimulia jambo hilo kama ushindi. Mimi nikilisimulia kwenye vikao vyetu, akina mama huuliza swali moja tu: na sisi ambao hatuna milioni ya sahihi?

Kwa upande wa fedha, kwa kuwa najua ndiko mtakakokimbilia, kutochunguza nako kuna bei. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba dola ilivunja haki za manusura wanne wa ukatili wa kingono wa ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, kwa kushindwa kuchunguza na kushtaki, ikaagiza kila mmoja alipwe shilingi milioni 4. Milioni 16 kwa watu wanne. Ninyi wenyewe pigeni hesabu ya mafuta ya gari lile chini ya mti.

Hadi hapa nimesema juu ya anayeshambuliwa njiani. Walio wengi hushambuliwa nyumbani, na huko mambo ni tofauti, kwa sababu huko hakuna wa kukimbilia nyumbani kwake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Bungoma, majirani zetu, ilikuwa asilimia 62, ya juu kuliko kaunti zote. Mimi niliposikia nambari hiyo sikushtuka. Nilishangaa tu kwamba walioulizwa walijibu.

Nina mama mmoja wa omena, anayeuza wale dagaa wa ziwani. Nimemtoa kwa mumewe mara tatu, na mara tatu amerudi. Mara ya tatu nilikasirika, nikamwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia. Akaningoja nimalize, halafu akasema: "Dada, magunia yangu manne yako ndani ya ile nyumba. Nimeyanunua kwa pesa ya chama chetu cha akina mama cha kukopeshana. Nikiyaacha, wiki ijayo watakaonipiga ni kumi na watano." Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kuwauliza wanawake kwa nini wanarudi. Anarudi kwa magunia, kwa sare za shule zilizo kwenye kamba, kwa kodi aliyoilipa yeye na risiti ikaandikwa jina la mume. Nyumba salama ambazo nimewahi kumpeleka mtu huendeshwa na mashirika na watu wa kanisa. Wana roho nzuri na vitanda vichache, ufadhili ukikatika nao hufunga, na hakuna hata moja iliyowahi kuuliza habari za magunia.

Septemba 2024, kule Endebess katika Trans Nzoia, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris mwezi mmoja tu kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani. Polisi walimtaja mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Kulikuwa na mzozo wa kiwanja. Baba yake alisema hadharani kwamba malalamiko yalikuwa yameshafikishwa kwa polisi. Alifia hospitalini Eldoret siku chache baadaye. Alikuwa mtu anayejulikana, mwenye pesa zake na ploti yake, mwenye kutajwa redioni. Yule wangu wa omena aliposikia habari hiyo, aliniambia: kumbe hata wao.

Sasa ninachoomba. Si kikubwa, na ndiyo maana ninakiomba bila aibu.

Kila hospitali yenu ambayo mlango wake wa dharura hauna kufuli usiku, iwe na chumba kimoja ambacho nacho hakina kufuli. Ndani yake kuwe na PEP, dawa ya kuzuia mimba, vifaa vya kuchukua vipimo, mifuko ya khaki, na rundo la P3. Kuwe na nesi au afisa wa kliniki wa zamu aliyefundishwa kuzijaza, na askari mmoja, ikiwezekana mwanamke, anayeripoti kazini pale badala ya kituoni. Wazo hili si langu. Polisi wenyewe walizindua mpango wa Policare wa kuweka polisi, tabibu, mshauri na mwanasheria chini ya paa moja, na maneno yake yalikuwa matamu sana siku ya uzinduzi. Mimi sidai hata paa jipya. Ninadai kikao kimoja cha gavana na kamanda wa polisi, karatasi moja yenye sahihi mbili, na ufunguo wa kabati uandikwe jina la mtu anayelala macho. Na keshia yule aelezwe kwa maandishi kwamba kujaza fomu ni matibabu.

Shahidi wa hospitali akihamishwa, nauli yake ya kurudi mahakamani iwe na mahali pa kutoka. Hili ni jambo la afisa mmoja kuandika mstari mmoja kwenye bajeti.

Wawakilishi wadi, la nyumba ya hifadhi ninawaachia nyinyi, maana kaunti haiwezi kusema ni la Nairobi. Iwe na vitanda, iwe na mlinzi, na tafadhali iwe na stoo. Nimesema stoo. Mahali pa magunia, cherehani, kuku ikibidi. Mtakaposhangaa kwamba wanawake sasa wanaondoka na hawarudi, mtanikumbuka.

Kuhusu yale mengine, ninaomba mpunguze. Kila mwaka, kutoka Novemba 25 hadi Desemba 10, zile siku 16 za kupinga ukatili, mnatuvalisha fulana na kutuandamanisha nyuma ya bendi ya tarumbeta. Nina fulana saba. Moja ninadekia nyumba, mbili nimewapa watoto wa shule, na moja, ya rangi ya machungwa, ndiyo niliyomvisha yule binti usiku ule tulipofunga nguo zake ndani ya khaki. Nyuma imeandikwa kwamba hauko peke yako. Alivaa hiyo mbele ya dawati lililofungwa.

Ijumaa ijayo, Mungu akipenda, nitapita kituoni saa nne usiku, na kutoka hapo nitaenda hospitali kwa miguu. Sina mgonjwa, ninataka tu kuangalia kama kuna mtu kwenye dawati, na kumuuliza nesi ufunguo uko kwa nani. Ijumaa inayofuata nitapita tena. Askari yule kijana tumeshazoeana, huniamkia.

Wenu nyote wawili,

Mhudumu wa afya ya jamii,
Nyalenda B, Kisumu